Nomino Tukope, Vitenzi Tunavyo

Kuna hoja inayorudiwa kila panapozungumzwa habari ya Kiswahili na sayansi. Husemwa kwamba lugha yetu ni tajiri wa mapenzi, dini, bahari na mawaidha, lakini ikifika kwenye mlango wa maabara huvua viatu na kukaa kimya. Wanaoitoa hoja hii hutaja orodha ya majina, elektroni, protoni, ioni, molekuli, wakaonyesha kwamba yote ni ya kuazima. Mimi sioni aibu yoyote katika orodha hiyo. Aliyekipata kitu ndiye anayekipa jina, na sisi tuliokikuta kimekwisha kupewa jina hatupungukiwi na chochote tukiliitikia. Ninachokiogopa ni kwamba, pamoja na majina, tunaazima vitenzi pia, hali vitenzi tunavyo, na katika mambo fulani tunavyo vingi kuliko hao tunaowaazima.

Nitautetea msimamo huu kwa tawi moja la kemia ambalo wapenzi wa lugha hawalitembelei, yaani habari ya metali zinazozungukwa na kushikwa na molekuli nyingine. Nimelichagua kwa sababu karibu lote ni simulizi la kushika na kuachia. Tena si jambo la mbali. Limo katika damu yetu, katika jani la mchicha, na katika kidonge anachopewa mama mjamzito kliniki.

Tuanze na kitu walichokijua bibi zetu: mrututu. Neno lenyewe lilitufikia kutoka Bara Hindi pamoja na bidhaa, likavaa sura ya Kiswahili, na leo hakuna anayeliona geni. Ni mawe madogo ya buluu iliyokolea, yaliyotiwa vidondani zamani, na wakulima wa kahawa wamezinyunyizia mibuni yao dawa za jamii hiyo hiyo ili kuikinga na magonjwa ya ukungu. Mkemia huuita salfeti ya shaba. Uweke mrututu kwenye bati juu ya moto, buluu huondoka, ukabaki unga mweupe. Udondoshee tone la maji, buluu hurudi papo hapo. Shaba haikwenda popote. Kilichoondoka na kurudi ni maji. Ndani ya jiwe lile kila atomu ya shaba imezungukwa na molekuli nne za maji zilizoishika kwa karibu, na rangi tunayoiona si ya shaba peke yake wala ya maji peke yake. Ni rangi ya ule ushikaji wenyewe. Akibadilika mshikaji, rangi nayo hubadilika. Tia amonia katika maji ya mrututu: amonia huyasukuma maji, hukaa mahali pake, na buluu huwa nzito mno, ikakaribia zambarau.

Umbo la namna hii, metali katikati na washikaji pembeni, Kiingereza hulitaja kwa neno lile lile kinalolitumia kwa sentensi yenye kishazi kikuu na vishazi tegemezi. Basi nasi tusisite. Wanasarufi wetu walikwisha kutupa *changamano*, na sentensi changamano hufundishwa kila shule. Changamano la shaba, changamano la chuma. Mwanafunzi aliyeielewa sentensi ameshapata nusu ya kemia hii bila kujua, kwani atatafuta kilicho kikuu na vilivyotegemea. Na kile kilicho katikati tukiite *kitovu*.

Jinsi vinavyoshikana ndiko kunakovutia zaidi. Katika kifungo cha kawaida kati ya atomu mbili, kila moja hutoa elektroni yake moja, mchango wa nusu kwa nusu. Katika changamano sivyo. Mshikaji huja na elektroni zote mbili mkononi, na metali, ambayo imepungukiwa, hutoa nafasi tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui lugha yoyote iliyo na muhtasari mzuri kuliko huo wa kifungo hiki. Mwalimu wa kemia anayetafuta namna ya kukieleza hana haja ya kuanza na mchoro. Aanze na methali, mchoro ufuate.

Aliyeufumbua utaratibu huu ni Alfred Werner, mzaliwa wa Mulhouse, aliyefanya kazi Zürich. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 26, alitoa nadharia ambayo wazee wa fani waliipokea kwa mashaka. Kitendawili kilichokuwa mbele yake kilikuwa hiki. Kloridi ya kobalti ikichanganywa na amonia huzaa chumvi za rangi mbalimbali: ya njano yenye amonia sita, ya zambarau yenye tano, na nyingine zenye nne, ambazo huwa za kijani au za urujuani. Zote zina klorini tatu kwa kila kobalti. Lakini ukizitia nitrati ya fedha, ambayo kazi yake ni kuzinasa klorini na kuzizamisha chini kama unga mweupe, ile ya njano hutoa klorini zote tatu, ya zambarau hutoa mbili, na zile zenye amonia nne hutoa moja tu. Hizo nyingine zimekwenda wapi?

Msomaji aliyekulia katika nyumba ya pwani atalielewa jibu la Werner upesi kuliko walivyolielewa wengi wa wenzake wa Ulaya. Nyumba ina ndani na ina baraza. Waliokaa barazani ni wa nyumba hiyo, hakuna anayewakana, lakini akipita mtu akiwaita huinuka wakaenda. Walio ndani hawatoki kwa kuitwa. Werner alisema kobalti ina nafasi sita za ndani, si zaidi wala si pungufu, zilizopangwa juu, chini na pande nne. Amonia zikiwa sita, zimejaza ndani, na klorini zote ziko barazani. Amonia ikitoka moja, klorini moja huingia mahali pake, na huko ndani nitrati ya fedha haina mamlaka. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, ambaye ndiye aliyekuwa ametengeneza kwa umahiri sehemu kubwa ya chumvi hizo, lakini akizichora amonia zikiwa zimefungana mnyororo. Walibishana kwa miaka mingi, kwa hoja na kwa chupa za maabara. Mwaka 1907 Werner alipoipata chumvi ya urujuani ambayo nadharia yake ilidai lazima iwepo, Jørgensen alikubali. (Ningependa kuiona adabu hiyo katika mabishano yetu juu ya ushairi huru na ushairi wa kimapokeo.) Werner akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Alipokuwa akiijenga nadharia yake Werner hakwenda mbali kutafuta maneno. Aliandika kwa Kijerumani, lugha ambayo hadi leo oksijeni huiita *Sauerstoff*, yaani kitu cha uchachu, na nitrojeni *Stickstoff*, kitu cha kukaba pumzi. Kwa nguvu ile ya pili ya kobalti alichukua neno la Kijerumani la kila siku lenye maana ya kando, akasema kuna nguvu kuu na nguvu ya kando. Hakuna aliyemwambia kwamba lugha yake haijakomaa.

Sasa nifike kwenye maneno yenyewe. Mshikaji katika changamano anaitwa kwa lugha za Ulaya kwa jina linalotokana na Kilatini, lenye maana ya kufunga. Wapo wanaotaka tuandike *ligandi* tukaendelea na safari. Jina hilo lina kasoro moja ambayo sikio la mshairi hulishtukia: halina kitenzi nyuma yake. Ligandi inafanya nini? Inaligandi? Tena hata asili yake ya Kilatini inapotosha, kwa kuwa jambo kubwa katika changamano nyingi si kufunga, bali ni kushika kwa namna inayoruhusu kuachia.

Fundi cherehani analo neno la hali hiyo. Kabla ya kuipitisha nguo kwenye mashine huishikiza, yaani huipitisha uzi wa muda unaotosha kuizuia isiteleze, na usioleta taabu ukitolewa. Kushikiza si kufunga na si kugusa. Basi napendekeza *kishikizo*. Lipo katika kamusi tayari likiwa na maana ya kitu cha kushikizia. Halihitaji kuzaliwa, linahitaji kuajiriwa. Na kwa kuwa lina kitenzi, lina ukoo mzima: hushikiza, hushikizwa, hushikizana, hushikizika. Metali isiyoshikizika kwa maji huenda ikashikizika kwa sianidi. Ndivyo ilivyo dhahabu, na ndiyo sababu sianidi hutumika kuichenjua.

Ukoo wa kushika una nyumba nyingine ambayo wanasarufi huiita kauli ya kutendata. Angalia vitenzi hivi: kamata, fumbata, ambata, pakata, nata. Kila kimoja kina kiambishi hicho cha kale, na kila kimoja kinataja namna yake ya kugusana na kushikamana. Kufumbata ni kwa kiganja kilichokunjwa. Kupakata ni kwa mapaja, kama mtoto. Kuambata ni kwa ubavu. Kiambishi hiki hakizai tena maneno mapya kwa urahisi, ni kisima kilichokauka. Lakini maji yaliyokwisha kutekwa bado yako mtungini, nayo ni kama yalitekwa kwa ajili ya kemia hii.

Mfano ni damu. Mwili wa mtu mzima una chuma gramu 3 hadi 4 hivi, uzito wa msumari mdogo, na sehemu kubwa ya chuma hicho imo katika himoglobini. Humo kila atomu ya chuma imepakatwa na pete bapa yenye nitrojeni nne. Nitrojeni ya tano, kutoka kwenye protini yenyewe, imeiambata kwa upande mmoja. Nafasi ya sita iko wazi, nayo ndiyo ya oksijeni. Hapo pana pumzi yetu yote. Oksijeni lazima ishikizwe mapafuni na lazima iachiwe kwenye msuli wa mguu. Ingefungwa, mtu angekufa damu yake ikiwa imejaa hewa. Max Perutz, aliyetumia zaidi ya miaka 20 kulichora umbo la himoglobini kwa miale ya eksirei na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na John Kendrew, alieleza baadaye jinsi chuma kinavyoinuliwa kidogo nje ya pete kikiwa kitupu, na jinsi kinavyovutwa kuingia ndani yake oksijeni inapofika. Mvuto huo mdogo kuliko upana wa atomu huitikisa protini nzima, na chuma cha jirani kikaona wepesi wa kushika oksijeni yake. Mmoja akishika, wenzake hushika. Mmoja akiachia, wenzake huachia. Tunacho kitenzi chake: ni kuitikiana.

Kisha aje asiyeachia. Jiko la mkaa likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hiyo nayo huikalia ile nafasi ya sita, lakini hukishika chuma kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Haishikizi, inagandama. Habari za waliolala na jiko ndani wasiamke tumezisikia sote, na onyo la kutolala nalo hutolewa kila mara. Onyo hilo husema hewa ni chafu, au ni ya sumu, na msikilizaji hudhani ni jambo la moshi, kwa hiyo mkaa ukishika vizuri na moshi ukakoma huona hatari imekwisha. Mtu akielezwa kwamba ipo hewa isiyoonekana inayogandama mahali pa pumzi, ameelezwa kemia kamili kwa kitenzi kimoja, na sidhani kama atalirudisha jiko ndani.

Ile pete ya nitrojeni nne haikutengenezwa kwa ajili ya damu peke yake. Jani la kijani lina pete inayofanana nayo sana. Tofauti kubwa ni kwamba aliyepakatwa humo ni magnesi badala ya chuma. Umbijani na himoglobini ni ndugu wa kunyonya, mmoja mwekundu na mmoja kijani. Nawashangaa washairi wetu waliofananisha damu na kila kitu chekundu chini ya jua, wakaliacha jani. Na pweza yeye hakuchagua chuma hata kidogo. Katika damu yake oksijeni hushikwa katikati ya atomu mbili za shaba, na damu hiyo ikibeba oksijeni huwa buluu. Kaa na kamba wamo katika ukoo huo huo.

Nimemtaja kaa, na hapa ndipo ninapogombana kweli na watu wa *ligandi*. Kuna vishikizo vinavyoikamata metali kwa sehemu moja, na kuna vinavyoikamata kwa sehemu mbili, tatu, hata sita. Hivi vya aina ya pili vilipewa jina na wakemia wawili wa Uingereza, Morgan na Drew, mwaka 1920. Waliposaka mfano waliwaza mkono wa kaa unavyobana, wakaenda kwa Wayunani kuazima neno la mkono huo. Wenzetu sasa wanataka tuandike *kileti*. Yaani sisi, ambao kaa anatembea miguuni petu kutoka Lamu hadi Kilwa, tumwazime mkono wake kwa Wayunani kupitia kwa Waingereza, hali neno *gando* limekaa? Kishikizo cha namna hiyo ni gando, na hakuna mtoto wa pwani atakayehitaji kufafanuliwa. Hata sababu ya nguvu yake imo katika picha: ncha moja ikiteleza, nyingine bado imebana, na ile iliyoteleza hurudi mahali pake kabla metali haijaondoka.

Magando yametuzunguka. Ukipimwa damu hospitali, mara nyingi hutiwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna chumvi ya dawa iitwayo EDTA, gando la ncha sita, ambalo huikamata kalsiamu ya damu. Na bila kalsiamu, damu haigandi. Gando linazuia kuganda. Fanani angelipwa kwa mchezo huo wa maneno, na sisi tumepewa bure.

Chai nayo ina gando lake. Tia msumari wenye kutu katika chai kali ya rangi, uuache usiku kucha. Asubuhi utakuta kiowevu cheusi kama wino. Kwa hakika ni wino. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliandika kwa wino uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini zilizotolewa katika vivimbe vya mti wa mwaloni, na nyaraka zao nyingi za kale ziliandikwa kwa changamano hilo la chuma. Tanini na ndugu zake walio katika chai hukikamata chuma kwa magando. Na wanachokifanya ndani ya kikombe hukifanya ndani ya tumbo: mama anayekunywa chai ya rangi pamoja na kidonge cha kuongeza damu anakifunga chuma kile kile alichokimeza, kikapita tumboni na kutoka bila kuingia mwilini. Chungwa hufanya kinyume, kwa kuwa vitamini C hukiweka chuma katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea.

Hili ndilo linalonisukuma kuandika. Katika dirisha la dawa mgonjwa huambiwa, usimeze na chai. Mwingine aliyepewa dawa ya jamii ya tetrasaiklini huambiwa, usimeze na maziwa. Huambiwa kwa Kiswahili safi, lakini haambiwi kwa nini, kwa sababu aliyemwambia aliifunza ile sababu kwa Kiingereza, akaifaulia mtihani kwa Kiingereza, na Kiswahili kilichobaki mdomoni mwake ni cha amri tu. Mgonjwa naye huipima amri isiyo na sababu kwa mizani ya mazoea, na chai ya asubuhi ina uzito mkubwa. Lakini sababu yenyewe ni fupi: dawa hii ina magando, kalsiamu ya maziwa ikifika yataikamata, na vyote viwili vitapita bila faida. Ni sentensi moja. Muuguzi anaweza kuisema akiwa anahesabu vidonge.

Kuna ndugu zetu wengine wenye haki ya kudai maneno haya, nao ni wenye selimundu. Hebu litazame neno hilo kwanza, seli na mundu, jina lililotungwa na mtu mwenye jicho. Kila aliyewahi kufyeka nyasi huliona umbo la seli iliyopinda. Wagonjwa wanaoongezewa damu mara nyingi hulimbikiza chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Moja ya dawa zao, deferoksamini, ilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni. Bakteria hao hutoa magando nje ya miili yao ili yakakinase chuma na kukileta nyumbani, nasi tukawaiga: gando lenye oksijeni sita hukizunguka chuma kilichozidi, kikatoka kwa mkojo na choo. Ugonjwa umepewa jina zuri la Kiswahili. Tiba yake bado haina hata kitenzi.

Kwa washairi nina mfano mmoja wa ziada. Mshororo wa mizani 16 una ukwapi na utao, na kina cha kati si kina cha mwisho. Chukua maneno yale yale, hamisha kina, na huna tena shairi lile. Platini yenye amonia mbili na klorini mbili ina hali hiyo hiyo. Klorini zikiwa jirani, upande mmoja, hiyo ni sisplatini. Zikiwa zinatazamana kutoka pande mbili, ni kitu kingine chenye atomu zile zile, kwa idadi ile ile. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg huko Michigan aliripoti kwamba bakteria waliopitishiwa umeme kwa nyaya za platini waliacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Kilichowazuia kilikuwa michanganyiko ya platini iliyotoka kwenye nyaya. Kutoka hapo ikapatikana dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, na hadi leo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Ndani ya seli klorini zile mbili jirani huachia, na platini hubana sehemu mbili zinazopakana za uzi wa DNA. Ile nyingine, ambayo nafasi zake zinatazama pande zilizopingana, haiwezi kubana hivyo, na haikuwa dawa. Wakemia huzitofautisha kwa maneno mawili ya Kilatini, yenye maana ya upande huu na upande wa pili. Ukivuka kutoka Mji Mkongwe wa Unguja unafika Ng'ambo. Sioni kwa nini tusiseme platini ya kando na platini ya ng'ambo.

Najua nitakavyojibiwa. Upande mmoja wapo wanaosema kwamba mtoto wa Tanzania atasoma sekondari kwa Kiingereza, basi neno lifanane na lile atakalolikuta huko, asijifunze mara mbili. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana sitaki kuyagusa majina. Kobalti ibaki kobalti, nitrojeni nitrojeni, na hata ligandi iwekwe pembeni mwa kishikizo kama jina la safari. Lakini maelezo hayajengwi kwa majina. Mwanafunzi aliyekariri kwamba ligandi inakoodineti na metali amekariri sauti tu. Upande wa pili wapo wasafishaji, wanaotaka hata oksijeni ipate jina la Kibantu. Hao nawaomba wapumzike. Nguvu ya kubuni ni haba, na tukiimaliza kwa vitu ambavyo havina shida, hatutabaki nayo pale penye shida.

Wala sidai kwamba kazi haijafanywa. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwepo tangu 1967; Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990; na usanisinuru, neno ambalo lina shairi ndani yake, limeenea hadi vijijini. Ninachokilalamikia ni kwamba sisi watunzi tumekuwa watazamaji wa kazi hiyo. Tunakesha tukibishana kama *mahaba* na *mapenzi* ni sawa, na asubuhi kamati inaandika *kileti* bila hata mmoja wetu kuinua mkono.

Hata kobalti ya Werner ina deni kwetu. Jina lake linatokana na vibwengo ambao wachimbaji wa Ujerumani waliamini wanawaibia madini mazuri na kuwaachia mawe yenye moshi wa sumu. Ndiyo metali iliyopakatwa katikati ya vitamini B12, ambayo umbo lake lilifumbuliwa na Dorothy Hodgkin mwaka 1956, na ambayo mtu asipoipata damu na mishipa yake ya fahamu hudhoofu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani leo inatoka Kongo, nyingi yake kandokando ya Kolwezi, ambako mchimbaji hupatana bei kwa Kiswahili, huonya wenzake kwa Kiswahili, na hulia kwa Kiswahili shimo likiporomoka. Watu wa migodini hawasubiri kamati. Huku kwetu wachimbaji wa dhahabu wanasema kuchenjua, na kila mtu ameelewa.

Kwa hiyo namalizia na shida yangu iliyobaki. Sina bado kitenzi cha kishikizo kimoja kuingia na kukitoa kingine mahali pake, kama amonia inavyoyatoa maji katika mrututu. *Kupokonya* kuna ukali usiostahili, maana hakuna kinachoibiwa. *Kupokezana* kunadhani wawili wamekubaliana. *Kurithi* kunahitaji kifo. Huenda kitenzi hicho kinasemwa kila siku bandarini, kwenye mtumbwi au ndani ya shimo la Kolwezi. Anayekijua atuandikie.